Manahodha Wengi, Chombo Huenda Mrama

Wahenga walinena, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Neno hili twalitumia mara nyingi katika mambo madogo ya nyumbani. Leo, ndugu wasomaji, na tulitazame katika jambo kubwa la nchi yetu, yaani maradhi ya mafua yaliyoingia mwishoni mwa mwaka 1918, nchi ilipokuwa haina mtawala wa kudumu.

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jemadari Smuts, yaliingia mji wa Morogoro. Wadachi walikuwa wamekwisha kuuacha, wakapita Uluguru kuelekea Kisaki, na vita vikawafuata. Kila jeshi lililopita lilitaka vitu viwili: chakula na wapagazi. Vijana wakatwaliwa, ghala zikakombwa. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latukumbusha hata leo kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wengi wao hawakurudi makwao. Nao waliuawa na maradhi kuliko risasi.

Je, mtawala alikuwa nani? Januari 1917 Bwana Horace Byatt aliwekwa kuangalia mambo ya raia katika sehemu za kaskazini, lakini kusini kulikaa mikononi mwa jeshi. Ruanda na Urundi zilishikwa na Wabelgiji. Von Lettow-Vorbeck naye alikuwa angali akipigana, wala hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn. Kila mmoja alijua ya kuwa anaishikilia nchi tu, mpaka mataifa makubwa yakate shauri. Vijijini walibaki maakida na majumbe, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya kodi na watu wa kazi. Waganga walikuwa wachache, na jeshi ndilo lililotangulia kuhudumiwa.

Ndipo mafua yakaja. Yalifuata meli, reli na njia za wapagazi. Na Morogoro ilikuwa na reli tangu mwaka 1907. Maradhi haya yalikuwa na ajabu yake: hayakuchagua wazee na watoto tu, bali yaliwaangusha hasa watu wenye nguvu, wa miaka 20 mpaka 40. Tena yalikuja wakati wa vuli, ambapo jembe halingoji. Baba na mama wakilala pamoja, nani atateka maji, nani atapanda? Wanahistoria hukadiria kwamba katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika walikufa watu kati ya 50,000 na 80,000. Jirani zetu wa Ugogo walikuwa wakati ule ule katika njaa waliyoiita Mtunya, iliyoua watu wapatao 30,000 katika wilaya ya Dodoma. Kwa maana majeshi yalitwaa nafaka na ng'ombe, kisha mvua zikakosa.

Haifai kuwalaumu watawala kwa yote. Dawa ya mafua yale haikuwapo popote, na hata London, penye madaktari wengi, watu walikufa kwa maelfu. Lakini kisa cha Samoa, visiwa vya mbali katika bahari ya Pasifiki, chaonyesha kwamba utawala huweza kupunguza msiba. Samoa ya magharibi ilikuwa koloni la Wadachi kama nchi yetu, ikatwaliwa na jeshi la New Zealand mwaka 1914. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune ilitia nanga Apia, ina wagonjwa, na abiria wakaachiwa kushuka. Walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano. Visiwa jirani, vyenye watu wa kabila lile lile, vilikuwa chini ya Marekani. Gavana Poyer alivifunga visipokee wageni, wala hakufa mtu hata mmoja kwa mafua. Alitaka pia kuwasaidia majirani, lakini Kanali Logan, mkuu wa upande wa pili, hakuupokea msaada ule.

Bahari ni moja, watu ni wamoja, na maradhi ni mamoja. Kilichotofautiana ni mkono uliokuwa juu ya mlango. Huku kwetu milango ilikuwa mingi, kila mmoja na bawabu wake, na kila bawabu akitazama vita. Mtawala wa muda husema, "Atakayekuja atalitengeneza." Lakini maradhi hayamngoji atakayekuja. Kwa hiyo mwenye kushikilia kazi kwa siku chache, awe mkuu wa nchi au wa kijiji, na aishike kana kwamba ni yake daima. Kwa kuwa watakaokufa katika siku zile chache hawatamwona mrithi wake.