Bomba la kurudisha maji moto huokoa maji, lakini lahitaji uangalifu

KATIKA nyumba nyingi za mijini, anayeamka kuoga hufungua mfereji wa maji moto kisha husimama akingoja. Maji baridi hutiririka kwa muda kabla ya yale ya moto kufika, nayo huishia kwenye mtaro.

Kwa familia inayopata maji kwa mgao, au inayoyanunua kwa mitungi, hasara hiyo si ndogo.

Maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha hupoa. Bomba la plastiki la milimita 25 hubeba takriban robo lita kwa kila mita. Iwapo tangi la maji moto liko umbali wa mita 20 kutoka bafuni, karibu lita tano za maji baridi lazima zitoke kwanza.

Watu wanne wakioga kwa nyakati tofauti, mtungi mzima wa lita 20 humwagika kwa siku. Kwa mwaka, hizo ni zaidi ya lita 7,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Njia mojawapo ya kuzuia hasara hii ni kuweka bomba la kurudisha maji. Bomba hili huanzia karibu na mfereji ulio mbali zaidi na tangi, na kurejea hadi sehemu ya chini ya tangi, mahali yanapoingilia maji baridi. Pampu ndogo huyasukuma maji yaliyopoa yarudi kupashwa joto, na ya moto huchukua nafasi yake. Hakuna tone linalomwagika.

Kazi hii yahitaji vifaa vichache. Pampu iwe ya shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu, kwani chuma cha kawaida huliwa upesi na maji ya matumizi. Karibu nayo huwekwa vali inayoruhusu maji kupita upande mmoja pekee. Bila vali hiyo, anayefungua mfereji aweza kuletewa maji baridi kupitia bomba la kurudisha.

Mabomba ya maji moto, ya kwenda na ya kurudi, hayana budi kuvishwa sponji ya kuhifadhi joto kwa urefu wake wote.

Hapo ndipo wengi hukosea. Pampu ya wati 25 ikiwaka mchana kutwa na usiku kucha hutumia uniti 0.6 pekee za stima. Gharama kubwa iko kwingine: bomba lisilovishwa chochote hupoteza joto saa zote maji yanapozunguka, na hita hulazimika kulirejesha. Kwa wanaotumia sola, joto lililokusanywa mchana laweza kuisha kabla ya mapambazuko.

Kwa hivyo, pampu iunganishwe na saa ya kuiwasha nyakati za kuoga tu, au swichi ya kubonyezwa dakika chache kabla ya kuoga. Kidhibiti joto nacho kiizime mara maji ya moto yanapofika.

Afya pia izingatiwe. Bakteria aina ya Legionella, wanaosababisha nimonia hatari, hustawi katika maji ya nyuzijoto 20 hadi 45. Inapendekezwa maji ya tangini yafikie nyuzi 60, na yanayorudi yasipungue 50 pampu inapofanya kazi. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo penye watoto au wazee iwekwe vali ya kuchanganya maji karibu na mfereji.

Wakati bora wa kuweka bomba hili ni nyumba inapojengwa, kabla ya kuta kupigwa plasta. Katika nyumba iliyokamilika, ipo pampu inayowekwa chini ya sinki na kurudisha maji kupitia bomba la maji baridi. Kasoro yake ni kwamba mfereji wa baridi hutoa maji vuguvugu kwa muda.

Wenye hita ya papo hapo iliyofungwa bafuni hawahitaji mfumo huu. Vilevile, si kila tangi la sola limeundwa kupokea maji yanayorudi, hivyo mwulize fundi wako wa mifereji kabla ya kununua chochote.

Anayejenga aanze na ramani. Tangi likiwa karibu na bafu na jikoni, huenda bomba hilo lisihitajike kabisa.