Maji ya uti wa mgongo: kutoka New York hadi Guangzhou

Mwaka 1942, mwanasayansi wa Marekani Elvin Kabat na wenzake walizitenganisha kwa umeme protini za maji ya uti wa mgongo. Miongoni mwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, au MS, ambao kinga ya mwili huishambulia ala ya neva, walikuta kingamwili kupita kiasi. Baadaye vipimo vilizidhihirisha kama mistari, nayo huonekana kwa wagonjwa wengi wa Ulaya.

Hata hivyo, Asia ya Mashariki, Guangzhou ikiwemo, ilikuwa na wagonjwa walioshambuliwa zaidi macho na uti wa mgongo, na mara nyingi bila mistari hiyo. Walihesabiwa kuwa na MS. Mwaka 2004, Vanda Lennon na wenzake walitangaza kingamwili nyingine, iliyomo katika damu: wengi wao walikuwa na ugonjwa tofauti, nyuromielitisi optika.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Baadhi ya dawa za MS huuzidisha ugonjwa huo, na shambulio moja laweza kuleta upofu. Leo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen mjini Guangzhou huyachunguza maradhi yote mawili.