Kimelea, Mbu na Kuta za Upare

Kimelea cha malaria hupandana ndani ya tumbo la mbu, na mwenyeji wake hulipa gharama. Mwaka 1997 watafiti Hogg na Hurd walichapisha uchunguzi wao juu ya mbu Anopheles gambiae wa kaskazini mashariki mwa Tanzania: majike walioambukizwa walitaga mayai machache kuliko wenzao wazima. Ni rahisi basi kudhani kwamba kimelea ndicho kilichoamua mbu gani wastawi Upare, katika kanda hiyo hiyo. Historia ya Same, wilaya ya Upare, inaonyesha njia isiyo ya moja kwa moja: kimelea kilibadili jamii ya mbu hasa kwa kumsukuma binadamu achukue hatua.

Kati ya 1955 na 1959, Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, chini ya taasisi ya malaria ya Amani, ulinyunyizia dieldrini, sumu ya kuua wadudu, kuta za nyumba za Taveta, Kenya, na nyanda za chini za Upare Kusini. Anopheles funestus, anayenyonya watu na kupumzika ukutani, alitoweka. Mwaka 1960 watafiti Gillies na Smith walieleza kuwa nafasi yake ilichukuliwa na ndugu yake, A. rivulorum, apendaye ng'ombe na kushinda nje. Viluwiluwi wa spishi hizi mbili huishi katika maji ya namna moja; yaelekea mshindani alipoondoka, aliyebaki akaongezeka. Mwaka 1962 Gillies akamtambulisha ndugu mwingine wa kundi hilo, A. parensis, mwenye jina la Pare.

Wapo watakaosema kwamba kimelea kinachopunguza mayai lazima kiwapendelee mbu wenye kinga ya kurithi. Hoja hiyo ina uzito, ila mbu wengi hufa kabla kimelea hakijakomaa ndani yao, na wanaoambukizwa ni wachache. Sumu ya ukutani ilimgusa karibu kila mbu aliyetua ndani, mgonjwa na mzima. Wengine watasema kubadilishana nafasi kwa spishi si mabadiliko ya jeni. Ni kweli, na unyunyiziaji ulipokoma A. gambiae, aliyekuwa naye amepungua, alirudi upesi majumbani. Lakini uanuwai wa wadudu wa mahali hujengwa pia na uwiano wa spishi. Kwa hiyo anayepima dawa ya mbu asihesabu waliokufa tu. Achunguze pia ni spishi gani iliyobaki ikitaga, na inamnyonya nani.