Matusi ya Rangi Kazini: Kutoka Mashamba ya Masisi hadi Sheria ya 1966

Katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, mashamba ya walowezi, yaani Wazungu waliopewa ardhi na serikali ya kikoloni, yalitegemea jasho la wenyeji na la Wanyarwanda walioletwa kuanzia 1937. Katika Kongo ya Wabelgiji mfanyakazi mweusi, hata awe mzee mwenye wajukuu, aliweza kuitwa “boi” au “makako”, yaani tumbili, na kunyimwa lugha ya heshima, udhalilishaji ambao Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliushutumu hadharani siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Uhuru haukuifuta dharau hiyo, bali ilihamia kwenye kabila, ikawagawa Waafrika wenyewe. Amri-sheria ya Kongo namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 iliziadhibu kauli za chuki ya rangi au ya kabila kama kosa la jinai.