Bena Diamba: Kibuyu cha Kalamba na ulizo la wanafunzi wetu

Kila mwaka, tukifika kwenye somo la Kasai ya karne ya 19, kuna mwanafunzi mmoja wa viti vya nyuma atainua mkono. "Mwalimu, kama bankambo walivuta bangi na walijenga inchi, juu ya nini sisi mnatukataza?" Klasi yote inacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, kisha naendelea na tarehe zangu. Lakini ulizo lenyewe si la kucheka. Mtoto anaomba historia imupe ruhusa, na mwalimu wa historia njo mwenye kumujibu kama ruhusa hiyo iko ao haiko.

Tuanze na mmea wenyewe. Wengi wanafikiri bangi ni ya kwetu tangu zamani za zamani, sawa vile muhogo (na muhogo pia ulitoka Amerika, lakini tuache). Bangi ilitoka Asia. Ilivuka bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara, ikashuka pwani ya mashariki, ikaingia ndani ya bara mkono kwa mkono. Jina linaonyesha njia: bangi yetu na bhang ya Wahindi ni neno moja. Upande wa magharibi, kuelekea Angola, watu wakaiita diamba, liamba ao riamba, na jina hilo lilivuka tena bahari ingine ndani ya mashua za watumwa mupaka Brazili, kwenye neno diamba linajulikana hata leo.

Sasa tuende kandokando ya mto Lulua. Watu wa kule, wale Wazungu wa kwanza waliwaita Bashilange na sisi tunawaita Bena Lulua, walikuwa wanakaa kwa vijiji vidogo, kila jamaa na mukubwa wake, na vita kati ya jamaa na jamaa haikukosa. Kisha Watshokwe wakafika kutoka magharibi na bunduki zao, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Biashara hiyo ilichafua mambo yote. Mwenye bunduki alikuwa mukubwa, asiye nayo alikuwa bidhaa.

Ni katika wakati ule, karibu na miaka ya 1870, watu fulani wakaanza kujiita Bena Diamba, maana yake watu wa diamba. Chifu Kalamba Mukenge akakamata jambo hilo kwa mikono miwili. Haikuwa tu kikundi cha wavutaji. Ilikuwa sheria mupya. Mwenye kuingia aliacha dawa na sanamu za zamani. Malafu ilikatazwa. Silaha hazikuingia katikati ya kijiji. Mwenye kukutana na mwenzake alimusalimia "Moyo!", yaani uzima, na msomaji wa Kananga anajua kama salamu hiyo haikukufa. Jioni walikutana, kibuyu kikubwa cha kuvutia kikizunguka kutoka mkono hadi mkono. Dada yake Kalamba, Sangula Meta, alikuwa na kazi kubwa katika ibada ile. Nasema hivi juu wanafunzi wa kike huwa wanauliza kama historia yetu ni ya wanaume peke yao.

Na mwenye kosa? Walimuvutisha diamba mupaka akaanguka bila fahamu. Nitarudia kwa jambo hili, ni lenye kufundisha.

Inchi yao iliitwa Lubuku. Wazungu waliandika kama maana yake ni urafiki. Msomaji Muluba wa Katanga atasimama hapa kidogo, maana kwetu lubuko ni kazi ya mwenye kutazamia, kutafuta mambo yaliyofichika. Labda walioandika walisikia nusu tu ya neno.

Wazungu hao ni Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, waliotoka Malanje, Angola, wakafika kwa Kalamba mwaka 1881. Walipokelewa vizuri sana, na Kalamba mwenyewe akawasindikiza na watu wake mupaka Nyangwe, kwenye Lualaba, mwaka 1882. Pogge akarudi kule kwa Kalamba na akafia Luanda mwaka 1884. Wissmann akaendelea akatokea Saadani, pwani ya bahari ya Hindi. Mwisho wa 1884 alirudi, mara hii kwa kazi ya mfalme Leopold wa pili, na kando ya Kalamba ikajengwa Luluabourg, njo Kananga ya leo. Mwaka 1885, aliposhuka mto Kasai kutafuta mahali unapoingilia Kongo, watu wa Kalamba walikuwa ndani ya mitumbwi.

Wissmann aliona kama diamba ilituliza Bashilange na kuwafungua kwa mambo mapya. Vitabu vingi vilirudilia. Mimi nawaambia wanafunzi: angalieni nani anasema. Ni mtu mwenye kuhitaji wabeba mizigo, chakula na chifu rafiki. Kwake, mtu "mtulivu" ni mtu asiyemuzuia njia. Huyo huyo Wissmann, miaka michache nyuma, alitumwa pwani ya mashariki kuvunja vita ya Abushiri, na kule hakutafuta utulivu kwa kibuyu, alitumia mizinga.

Tena utulivu ule haukuwa wa bote. Vijiji vilivyokataa diamba vilipigwa ao vililipishwa kodi, na watumwa waliendelea kuuzishwa kwa bunduki. Udugu ulikuwa ndani ya Lubuku. Inje yake ilikuwa ingine. Naye Kalamba, rafiki wa Wazungu, aliishia kupigana na watumishi wa Etat Indépendant alipoona kama urafiki umegeuka kuwa amri.

Basi faida ilitoka wapi? Kwa mawazo yangu, kidogo tu ilitoka ndani ya majani. Ilitoka kwa sheria: kuacha silaha, kuacha pombe, kuvuta pamoja, kwa saa yake, mbele ya wakubwa, na jirani anakuona. Na wenyewe walijua nguvu ya moshi; la sivyo, wangeweza namna gani kuufanya kuwa azabu? Kibuyu kilekile kilikuwa sherehe kwa mutu mumoja na kiboko kwa mwingine, tofauti ikiwa kipimo. Kijana anayejificha nyuma ya ukuta wa masomo saa nne ya asubui hana kitu kimoja cha Lubuku isipokuwa majani.

Upande wa mwili, tunajua mambo ambayo Kalamba hakuweza kujua. Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na mwenzake, kule Israeli, walitenga ile kitu inayolewesha, THC. Kutokana na mmea huo kumetoka dawa za kweli: kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa kansa, na mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa moja, isiyolewesha, kwa watoto wenye aina kali za kifafa. Mwaka 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliondoa bangi kwenye orodha ya vitu vikali kupita vyote, na Rwanda, jirani yetu, tangu 2021 inaruhusu kuilima kwa ajili ya dawa za kuuzisha inje. Lakini dawa ya daktari iliyopimwa si msokoto wa barabarani.

Kuhusu mwenye kuvuta mara mojamoja, nisidanganye. Mutu mzima, mwenye afya, akivuta siku moja kwa miezi, wengi wao hawapati shida kubwa. Kuwaambia wanafunzi kama atakayejaribu mara moja atapata wazimu ni uongo, na wakigundua uongo moja hawatasikia tena hata ukweli wetu. Lakini kati ya watu kumi wanaojaribu, karibu mmoja anafungwa nayo, na wanaoanza wakiwa watoto wanazidi. Ubongo wa kijana haujamaliza kujengwa. Kukumbuka masomo kunapungua, na mwenye ugonjwa wa akili katika jamaa anajitia hatarini zaidi. Moshi unakohoza sawa moshi wa tumbaku. Mwenye kuendesha gari ao pikipiki akiwa amevuta anatafuta kifo, chake ao cha mwingine. Mwenye mimba aachane nayo kabisa.

Kuna pia polisi. Sheria yetu inakataza, na kijana asiye na franga mfukoni njo anayelala buloko. Na kuna kumbukumbu zetu za karibu: watoto waliochukuliwa vitani katika inchi hii, wengi walisimulia namna walivutishwa bangi ili wasiogope. Hapo tena kibuyu kilikuwa mkononi mwa mkubwa, lakini si kwa kuondoa silaha. Ilikuwa kwa kuziweka mikononi mwa watoto.

Mwaka huu nilitoa somo lote namna hii, bila kucheka. Yule wa nyuma alisikiliza mupaka mwisho, kisha akainua mkono tena: "Basi mwalimu, kama Kalamba alikataza pombe, ile Simba mnakunywaka siku ya mshahara, angewavutisha mara ngapi?" Kengele ikapiga. Somo lijalo tutaanza na ulizo lake.