Kesi za Wathagi wa Bara Hindi

Msomaji, ukitaka leo kusafiri kutoka Mombasa hadi Kisumu, hulazimiki kumwuliza jirani yako katika gari ametoka wapi wala anakwenda kwa nani. Umelipa nauli, umeketi, na kabla ya siku kwisha umefika. Katika Bara Hindi ya miaka mia mbili iliyopita mambo hayakuwa hivyo. Reli haikuwapo. Askari aliyepewa ruhusa ya kwenda kwao alikwenda kwa miguu, pengine mwezi mzima, na akiba ya mshahara wake ameifunga kiunoni. Mfanyabiashara alipitisha fedha na vito katika mizigo ya wapagazi. Ulinzi wa msafiri ulikuwa mmoja tu, nao ni wingi wa wenzake. Na alipokutana njiani na watu wenye adabu waliokuwa wakielekea upande mmoja naye, alimshukuru Mungu na kuomba afuatane nao. Wengi waliokufa, walikufa kwa sababu ya shukrani hiyo.

Watu hao wenye adabu waliitwa Wathagi. Neno thag katika Kihindi maana yake ni laghai, na kutoka hapo Waingereza wakapata neno lao thug, ambalo bila shaka umekwisha kulikuta katika masomo yako. Walitoka makwao baada ya mvua kwisha, wengine wamevaa kama askari, wengine kama wachuuzi, na wakawaacha wake zao na majirani wakidhani kuwa wamekwenda kutafuta kazi. Kiongozi wao aliitwa jemadari, neno lile lile lililovuka bahari likaingia katika Kiswahili chetu. Mmoja aliyejua kusema vizuri alipewa kazi ya kuwavuta wasafiri. Mwingine alitangulia kuchagua mahali, aghalabu kichaka cha miembe kilicho mbali na kijiji. Wengine walichimba kaburi kabla maiti haijapatikana. Jioni, watu wakiisha kula na kuketi kuzungumza, ilitoka sauti ya kawaida kabisa, mara nyingi ya kuamuru tumbaku iletwe. Hiyo ndiyo ishara. Kila msafiri alikuwa na mtu nyuma yake mwenye kitambaa, na mwingine wa kumshika mikono au miguu. Koo lilikabwa, wala damu haikumwagika. Hakuachwa hata mtu mmoja wa kwenda kusimulia.

Hapo pana jambo la kutafakari. Mwizi wa kawaida hukimbia, na aliyeibiwa hupiga kelele. Hawa hawakuacha mwenye kupiga kelele. Mtu aliyekawia kurudi kwao alidhaniwa kuwa amekufa kwa kipindupindu, au ameliwa na chui, au amepata mke mahali pengine. Hata hivyo si kweli kwamba serikali haikusikia lolote. Mwaka wa 1810 mkuu mmoja wa jeshi la Kampuni ya Uhindi Mashariki, ile kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu kubwa ya nchi, alitoa amri ya kuwaonya askari wake wasisafiri usiku na wasibebe fedha taslimu. Mwaka wa 1816 daktari mmoja wa Madras, Richard Sherwood, aliandika habari za wauaji wa namna hiyo upande wa kusini. Habari zilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuzifuata.

Mtu huyo alikuwa William Henry Sleeman, aliyezaliwa Cornwall katika Uingereza mwaka wa 1788, akaenda Bara Hindi akiwa kijana katika jeshi la Bengal. Kati ya mwaka wa 1822 na 1824 alikuwa hakimu wa wilaya ya Narsinghpur, katika bonde la mto Narmada, na alijisifu kwamba hakuna wizi hata mdogo uliotendeka wilayani mwake asiujue. Miaka ilipopita aligundua kwamba kundi zima la Wathagi lilikuwa likikaa katika kijiji cha Kandeli, hatua chache kutoka mahakama yake, na kwamba miembe ya Mundesur, mwendo wa siku moja tu kwa miguu, ilikuwa mojawapo ya makaburi makubwa ya siri katika nchi yote. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo bila kujificha. Si watawala wengi wanaokiri upofu wao kwa kalamu yao wenyewe, na kwa hilo yafaa tumheshimu.

Mlango ulifunguka mwishoni mwa mwaka wa 1830, alipokamatwa jemadari mmoja kijana, jina lake Feringhea. Sleeman hakumpata kwa mbio za farasi. Aliwashika kwanza jamaa zake, mama na mke na mtoto, akangoja. Feringhea alipoletwa mbele yake alijua kwamba kitanzi kinamngoja, na akaomba abadilishane maneno kwa uhai. Sleeman alisitasita kumwamini. Basi walipopiga kambi katika kichaka cha miembe mahali paitwapo Saloda, Feringhea alionyesha sehemu tatu katika ardhi ile ile waliyokuwa wamesimamisha mahema, akaamuru watu wachimbe. Ikatoka mifupa ya wasafiri waliouawa mwaka wa 1818, kisha ya askari waliouawa mwaka wa 1824, kisha ya wengine. Bibi Sleeman alikuwa pale. Usiku uliotangulia alikuwa amelala juu ya maiti bila kujua.

Mifupa haisemi uongo, na ndiyo sababu nimeitaja kabla ya kusema habari za mahakama. Hapana shaka mauaji yalitendeka, tena mengi. Lakini kutoka kwenye mifupa hadi hukumu pana safari ndefu, na katika safari hiyo ndimo lilimo fumbo la kesi hizi.

Ushahidi ungepatikana wapi, ikiwa kila aliyeshuhudia ama ni maiti ama ni mwuaji? Sheria iliyotumika katika mahakama za Bengal wakati huo ilijengwa juu ya sheria ya Kiislamu, na haikukubali mtu ahukumiwe kwa maneno ya mshiriki wake katika uovu. Lakini nchi za Sagar na Narmada zilikuwa zimetekwa karibuni, nazo ziliwekwa nje ya taratibu hizo. Kwa hiyo Sleeman akikusanya ushahidi huko Jabalpur, na mkubwa wake F. C. Smith akihukumu katika Sagar, waliweza kufanya lisilowezekana Calcutta. Mthagi aliyeungama yote na kuwataja wenzake aliokolewa na kitanzi, ingawa hakuachiliwa huru. Alibaki kifungoni maisha yake yote, akawa shahidi wa serikali. Akionekana kuficha neno, msamaha wake ulivunjika.

Yatupasa tuseme kwamba Sleeman hakuifanya kazi hiyo ovyo. Aliwatenganisha mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake, akalinganisha majibu. Aliandika nasaba za watu, nani ni mtoto wa nani, nani alikuwa katika msafara gani na mwaka gani. Mshtakiwa aliwekwa katikati ya watu wengine, na mashahidi wakaitwa mmoja mmoja kumtambua. Palipowezekana, makaburi yalichimbuliwa. Lakini pima upande wa pili wa mizani. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Hapakuwa na baraza la wazee wa kumsaidia mwamuzi. Na anayesimama kumtaja ni mtu ambaye shingo yake inategemea kuendelea kutaja. Ikiwa shahidi alikuwa na kisasi cha zamani na jirani yake, nani angejua?

Mwaka wa 1836 serikali ilikwenda mbali zaidi. Ilitungwa sheria kwamba yeyote atakayethibitishwa kuwa aliwahi kuwa mtu wa kundi la Wathagi, iwe kabla ya sheria hiyo au baadaye, iwe ndani ya nchi za Kampuni au nje, atafungwa maisha na kazi ngumu. Soma maneno hayo mara ya pili. Haikulazimu tena kuonyesha kwamba mtu huyu alimwua mtu yule mahali fulani. Ilitosha kuwa alikuwa mmoja wao. Tena sheria yenyewe haikueleza Mthagi ni mtu gani. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 yakataza mtu kuhukumiwa kwa tendo ambalo lilipotendwa halikuwa kosa. Mtu wa Sagar hakuwa na ngao hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililowafanya Wathagi wajulikane dunia nzima. Mashahidi walisema kwamba kazi yao ilikuwa ibada. Walimtumikia mungu wa kike Kali, ambaye wao walimwita Bhawani. Walibariki sururu ya kuchimbia makaburi. Walitazama ndege na wanyama kabla ya kuondoka. Na baada ya kuua walikula sukari guru iliyowekwa wakfu, ambayo Feringhea alisema kuwa humgeuza moyo kila aionjaye, hata asiweze tena kufanya kazi nyingine. Walisema pia kwamba wamekatazwa kuua wanawake na watu wa kazi fulani fulani, na kwamba maangamizi yao yalitokana na kuvunja miiko hiyo. Sleeman aliyaamini hayo kwa moyo wote, akayachapisha Calcutta mwaka wa 1836. Miaka mitatu baadaye Philip Meadows Taylor alitoa hadithi yake juu ya Mthagi mmoja, ikapendwa sana huko London.

Lakini katika maandishi ya Sleeman mwenyewe mna mambo yasiyokubaliana na imani hiyo. Wathagi wengi walikuwa Waislamu. Alipowauliza imekuwaje wamtumikie Bhawani, wengine walijaribu kumlinganisha na mtu wa dini yao, na wenzao wakawakanusha papo hapo, wakabishana mbele yake. Tena miiko yao ilivunjwa kila palipokuwa na fedha. Feringhea mwenyewe alikuwa katika msafara uliomwua mwanamke. Kuitazama safari kwa ndege na kuiombea kazi baraka si ajabu: wakulima wa Bara Hindi walifanya hivyo, na wavuvi wa pwani yetu pia wana dua zao. Wanahistoria wa baadaye, kama Kim Wagner katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2007, wameona kwamba kilichowaongoza hasa kilikuwa ni mali. Wakuu wa vijiji waliwahifadhi na kugawana nao. Vita vilipokwisha na majeshi ya wafalme yakavunjwa, wenye silaha wengi walikosa riziki.

Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ingawa siwezi kusema kwamba ile dini yote ilibuniwa na Mzungu. Mwenye kuua huhitaji kujieleza kwa nafsi yake, na sukari guru ilikuwa maelezo mazuri. Lakini ona jinsi maelezo hayo yalivyoifaa serikali. Ukimwita mtu jambazi, utaulizwa ni nani aliyemnyang'anya kazi yake, na ni tajiri gani anayemhifadhi. Ukimwita mtumwa wa mungu mla watu, hutaulizwa kitu. Na ikiwa uovu u katika damu na dini, mtoto wake naye ni mhalifu kabla hajatenda lolote. Mwaka wa 1871 serikali hiyo hiyo ilitunga sheria iliyohesabu makabila mazima kuwa ya wahalifu kwa kuzaliwa. Iliendelea mpaka Bara Hindi ilipopata uhuru wake, ndipo ikafutwa.

Hesabu nazo zina hadithi yake. Vitabu vingi humtaja Mthagi mmoja, Behram, kuwa aliua watu 931. Karatasi za James Paton, ofisa aliyemhoji, zaonyesha kwamba Behram alidai kuwapo katika mauaji hayo; kwa mikono yake mwenyewe alisema ni kama watu 125. Hata hao ni wengi mno. Lakini hayo ni maneno ya mtu mmoja aliyejua kwamba wakubwa hupendezwa na shahidi anayejua mengi. Mpaka kufika mwaka wa 1840 watu zaidi ya 3,000 walikuwa wamefikishwa mbele ya mahakama hizi, na zaidi ya 400 wamenyongwa. Wengine zaidi ya 1,000 walipelekwa ng'ambo kifungoni, wamechanjwa alama usoni. Walioachiliwa huru hawakufika hata 100. Henry Spry, daktari aliyetazama kunyongwa kwa kundi moja katika Sagar mwaka wa 1832, aliandika kwamba walijivisha vitanzi wenyewe. Aliustaajabia ushupavu wao.

Usidhani, msomaji, kwamba swali hili lilibaki huko Sagar. Wakoloni walituletea Kenya Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka wa 1872, nayo ilitumika katika mahakama zetu mpaka Desemba ya mwaka wa 1963, tulipopata sheria yetu wenyewe. Humo mwote mna kifungu juu ya mshiriki aliyegeuka shahidi: ushahidi wake hukubaliwa, na hukumu si batili kwa kuwa imesimama juu yake peke yake. Lakini mahakimu wamefundishwa kuuogopa, na kutafuta neno la mtu mwingine, au alama, au mfupa, wa kuutia nguvu.

Mashahidi wa Sleeman walikaa Jabalpur mpaka uzeeni. Mwishoni mwa miaka ya 1830 walijengewa karakana, wakafundishwa wao na wana wao kushona mahema na kufuma mazulia. Mtoto ambaye hakumwua mtu yeyote alikua ndani ya ukuta ule ule na baba yake. Wazungu waliopita mjini walipenda kwenda kuwatazama, na wazee hawakuona haya. Mmoja aliketi kama msafiri anayezungumza, wa pili alimshika miguu, wa tatu akapitisha kitambaa shingoni mwake kwa upole. Wageni waliisha kuona, wakaenda zao, na wazee wakarudi kufuma.