Daraja, Aina au Ngeli? Neno la Kuziita Mashua za Mashindano

Kwenye ubao wa matangazo wa klabu moja ya mashua, hapa hapa pwani, niliwahi kusoma sentensi hii: "Daraja la Laser litaanza dakika tano baada ya Daraja la Optimist." Kando yangu alisimama nahodha wa ngalawa, mtu mzima, aliyealikwa na wenzake kuja kushindana siku ya mwisho. Aliisoma taratibu, akairudia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa daraja la kwanza ni lipi?"

"Hakuna la kwanza wala la pili, mzee. Ni mashua tofauti tu."

"Basi daraja limeingiaje?"

Sikuwa na jibu siku ile. Tangu hapo neno hilo limekuwa likinikera, maana mzee alikuwa amesoma Kiswahili sahihi na kuelewa sawasawa kile Kiswahili kilichosema. Anayevuka kwenda Unguja kwa boti anajua daraja ni nini: ni kiti chako, nauli yako na mlango unaopitia. Daraja lina juu na chini. Mashua zilizotajwa pale ubaoni hazina juu wala chini.

Neno lililokuwa likitafsiriwa ni la Kiingereza, class, ambalo kwa Waingereza hubeba mizigo mingi kwa wakati mmoja: chumba cha shule, cheo katika jamii, kiti cha treni, kundi la wanyama, kundi la nomino. Sisi kila mzigo tumeupa mbebaji wake: darasa, tabaka, daraja, ngeli. Huo ni utajiri, lakini pia ni mtihani kwa mfasiri, kwa sababu hawezi kuchukua neno lolote lililo karibu. Lazima kwanza aijue mashua.

Katika miaka ya 1880, kwenye ghuba ya Dublin, Ireland, mbio za mashua zilikuwa mashindano ya fedha. Mwenye uwezo aliunda chombo kipya chenye kasi zaidi, na cha jirani yake, hata kama kilikuwa kizima na nahodha wake hodari, kikaachwa nyuma. Thomas Middleton, baharia wa huko, akatoa pendekezo jepesi kulieleza: sote tuwe na mashua za umbo moja. Mwaka 1887 zikaanza kushindana mashua zilizoitwa Water Wag, zenye urefu wa futi 13 na ncha mbele na nyuma, mfano wa dau. Mwaka 1900 walihamia umbo jipya lililochorwa na Maimie Doyle, binti wa fundi mashua wa mji ule ule wa bandari ambao leo unaitwa Dún Laoghaire. Umbo lake bado linashindana huko mpaka sasa.

Mashua za Water Wag zilifungamana kwa ahadi. Kila mwenye chombo alikubali kutokirefusha, kutokipunguza uzito na kutokiongezea tanga, ili pale mstari wa kumalizia utakapovukwa, kilichoshinda kiwe mkono ulioshika usukani na jicho lililosoma upepo. Ahadi hiyo ndiyo istilahi yenyewe. Palipo na ahadi kama hiyo, iliyoandikwa kwa vipimo na kukaguliwa na mpimaji, ndipo Mwingereza anapotamka class.

Optimist inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko chombo kingine chochote. Ilichorwa mwaka 1947 na Clark Mills katika mji wa Clearwater, Florida. Aliombwa mashua ambayo mtoto na mzazi wake wangeweza kuiunda nyumbani kwa mbao mbili za plaiwudi, kwa gharama isiyofika dola 50. Ndiyo maana ina pua butu kama sanduku: mbao zingeisha kabla ya kufika kwenye ncha. Ina urefu wa mita 2.3 na kitu, bodi lake lina kilo 35, na tanga lake ni mita za mraba 3.3 tu, likishikiliwa na fito inayokwenda kimshazari kutoka mlingotini hadi pembe ya juu. Mtoto hukaa peke yake. Akifikisha miaka 15, ule mwaka ukiisha, anatoka. Umri nao ni sehemu ya ahadi. Mtu aliyezoea vyombo vyetu akiiona mara ya kwanza anaweza kuidhani hori la kulishia ng'ombe. Lakini mtazame mtoto wa miaka tisa akibisha nayo dhidi ya kusi, akiinamia nje ili chombo kisilale, halafu useme kama hilo si somo kamili la ubaharia.

Na kwa kuwa nimetaja hori: vyombo hivi vidogo vyote Waingereza huviita dinghy, nalo si neno lao la asili. Walilichukua Bara Hindi, ambako dingi ni mashua ndogo ya mtoni au ya pwani. Hori letu na kihori chake, mtumbwi mdogo wa kupigiwa kasia, nalo lina ndugu yake upande wa pili wa bahari hii. Waomani husema huri. Kwa hiyo anayetaka kusema dingi kwa Kiswahili asione haya. Neno hilo limesafiri katika maji yetu wenyewe. Mimi huridhika na "mashua ndogo ya tanga".

Laser ni ahadi kali zaidi. Bruce Kirby, Mkanada, aliichora mwaka 1969 akiwa anazungumza kwa simu na Ian Bruce, aliyetaka chombo cha mtu mmoja kinachoweza kubebwa juu ya paa la gari. Bodi lina mita 4.2 na uzito usiofika kilo 60. Optimist inaruhusu mafundi wengi waiunde almradi vipimo vitimie. Laser lazima itoke kwa muundaji mwenye idhini, na ukishainunua huruhusiwi hata kulipiga msasa bodi ili kubadilisha umbo lake. Mwaka 2019, kwa sababu ya mgogoro wa haki za jina, chama chake kilianza kuiita ILCA. Na hapa kuna jambo linalopendeza: bodi ni lile lile, lakini matanga ni matatu. ILCA 7 ina tanga la mita za mraba 7.06 kwa mabaharia wazito, ILCA 6 ina 5.76, na ILCA 4 ina dogo zaidi kwa vijana. Kila tanga ni kundi lake la mashindano. Umbo la chombo peke yake, basi, halitoshi kutuambia tuko kundi gani. Kinachoamua ni kanuni.

Katika Olimpiki ya Tokyo, Deizy Nhaquile wa Msumbiji alishindana kwa chombo hicho chenye tanga la kati. Hakuhitaji kuvusha mashua yake baharini. Waandaaji waligawa mashua, naye akapanda aliyopewa kama wapinzani wake kutoka nchi tajiri walivyopanda zao. Ndivyo Middleton alivyotaka, na sijui mfano bora wa kumwonyesha anayeuliza ahadi hii ina faida gani kwetu.

Hobie 16, ya Hobie Alter wa California, nitaipita haraka. Ni mabodi mawili membamba yenye turubai katikati yake, mabaharia wawili, hakuna ubao wa kushusha majini katikati, na kwa hiyo hupanda mchangani bila tabu kama ngalawa. Uzito wa mabaharia wote wawili usipungue kilo 129. Ukipungua, hubeba uzito wa ziada.

Turudi kwenye neno. Wengi wakikataa daraja hukimbilia aina. Nami nilikimbilia huko, hadi nilipoifikiria ngalawa. Ngalawa ni aina, hilo halina ubishi: mtumbwi wa gogo, mara nyingi mwembe, wenye mirengu pande mbili na tanga la pembe tatu lililoning'inia kwenye foromali. Ukiiona tu unaijua. Lakini ziweke ngalawa kumi mchangani Nungwi au Kizimkazi uzipime. Hakuna mbili zitakazolingana, kwa sababu kila moja imefuata mti wake, na fundi alifuata pale ambapo mti ulikubali. Aina ni mfanano unaotambuliwa kwa macho. Optimist mbili zinafungwa na kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni kupatana kwa kanuni.

Kupatana! Hilo ni neno la mwalimu wa sarufi. Tunasema nomino ziko ngeli moja kwa sababu zinadai upatanisho mmoja katika sentensi. Kitabu kilitoka Kiarabuni, lakini tumekitia kanuni ya KI-VI na sasa wingi wake ni vitabu. Asili yake si hoja, hoja ni kwamba kinafuata kanuni. Mashua iliyoundwa Poland na iliyoundwa Ajentina zikitimiza vipimo vile vile zinapangwa pamoja bila swali. Neno ngeli lenyewe wanaisimu walilitoa Kihaya, ambako huhusu aina za vitu, wakalipa kazi mahsusi zaidi: kundi lenye kanuni. Wanabiolojia wakafuata, wakawaweka mamalia na ndege kila mmoja katika ngeli yake. Sioni kwa nini bahari ibaki nyuma.

Kwa hiyo napendekeza: ngeli ya mashua. Ngeli ya Optimist, ngeli ya Hobie 16, kanuni za ngeli, mpimaji wa ngeli, bendera ya ngeli. Bendera hiyo ndiyo hupandishwa dakika tano kabla ya kuanza, ili kila baharia aliye majini ajue kama ni zamu yake.

Najua pingamizi. Vijana wa mjini huita Kiingereza chenyewe "ngeli", na wanafunzi wengi wakilisikia neno hili hukumbuka mtihani. Haya ni kweli, lakini si ya kuzuia. Mtaani na baharini ni mahali pawili, na neno lililobeba maana sahihi huzoeleka. Wapo pia watakaosema tubaki na klasi. Klasi ingefaa kama tusingekuwa na neno. Tukilichukua, tutaleta pamoja nalo ule mzigo wa viti na vyeo. Klabu nyingi za namna hii Afrika Mashariki zilianzishwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu, na mvuvi aliyekulia kando ya ukuta wa klabu hizo anakumbuka upande aliokuwa akisimama. Tangazo linalomwambia "daraja" linaugusa ukuta huo hata kama mwandishi hakukusudia.

Ngeli ina faida nyingine inayojitokeza pale ngeli mbili zinapokutana. Mashua zisizopatana zikitoka pamoja, kama itokeavyo kwenye klabu yenye vyombo vichache, wa kwanza kufika si lazima awe mshindi. Hutumika namba za Portsmouth, zilizoanzia Uingereza katikati ya karne iliyopita: muda wa chombo huzidishwa kwa 1000 na kugawanywa kwa namba ya ngeli yake. Laser yenye tanga kubwa ina namba inayokaribia 1100, Optimist inayokaribia 1640. Laser ikimaliza kwa dakika 55 na Optimist kwa dakika 82, zote mbili huandikiwa dakika 50. Namba hiyo ni ya ngeli nzima. Ngalawa haiwezi kupewa, maana utampa namba mwembe upi?

Nilipokutana tena na yule nahodha nilimweleza haya yote, tumekaa kwenye mchanga huku ngalawa yake ikiwa imelalia mrengu mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi sisi hatuna ngeli," akasema, akaipiga ngalawa yake kofi la upendo ubavuni. "Kila mtu na mti wake."

Tangazo la msimu uliofuata niliombwa kuliandika mimi. Niliandika: "Ngeli ya Optimist itaanza saa nne kamili. Ngeli ya Laser itafuata baada ya dakika tano. Ngalawa zote, kubwa kwa ndogo, zitaanzia ufukweni saa sita."